Mjomba apande vipi? Stepu kwenye RV-7 ya gurudumu la mkiani

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Mtwara mjini, nimelifupisha kidogo (RV-7 ni ndege ndogo ya watu wawili ya kujijengea):

"Shikamoo mtaalamu. Mjomba wangu ana miaka 68, ana RV-7 ya gurudumu la mkiani aliyoijenga mwenyewe alivyokuwa nje, sasa hivi iko hapa Mtwara na tunaenda nayo Kilwa Masoko na Nachingwea. Goti lake la kulia lilifanyiwa operesheni, kupanda bawani kumekuwa kimbembe. Fundi wetu wa kuchomea anasema atatupigia stepu ya bomba la maji la inchi 1, anachomea bamba mwishoni, anafunga ubavuni mwa ndege kwa bolti 4. La sivyo anaichomea kwenye mguu wa tairi. Iko sawa hiyo? Na tuweke pande zote mbili? Spidi haitapungua?"

Marahaba mdogo wangu, na mjomba mfikishie shikamoo yangu. Nianze na la mguu wa tairi manake hilo ndo la hatari: mwambie fundi asisogeze hata waya wa ethi pale. Ule mguu ni chuma cha springi kilichopikwa kwa joto maalumu ili upinde na kurudi kila mnapotua, ukiugusa na moto wa kuchomea ile sehemu inapoteza upishi wake, inakuwa ngumu na kavu huku, laini kule, afu siku moja mnatua Nachingwea kwenye changarawe mguu unakatika palepale pa alama ya welding. Kutoboa tundu nako hapana. Hata kufunga ethi ya welding kwenye ndege wakati unachomea kitu kingine juu yake sitaki nisikie, umeme unapita kwenye beringi na kwenye waya za redio. Kitu chochote cha kuchomea kinachomewa mezani, kikiwa mbali na ndege.

Sasa stepu yenyewe. Kabla hamjatoboa chochote chukueni futi mkapime kutoka chini hadi ukingo wa nyuma wa bawa, pale bawa linapokutana na bodi. Kiwanda cha Van's kule Oregon, Marekani, RV-7A yenye tairi la mbele inakuja na stepu moja kwa moja, hii yenu ya mkia inakuwa ni hiari, na sababu yake ni hesabu nyepesi tu. Ukingo wa nyuma wa bawa uko kama mita 1.7 nyuma ya tairi kubwa, na ndege ya mkia inapokaa chini imeinua pua digrii 10 na kitu, kwaiyo ule ukingo unashuka karibu sentimita 30 ukilinganisha na ndege iliyokaa mlalo. Sentimita 30 ni stepu nzima hiyo, mmeshapewa bure. Ndo maana vijana wengi wenye RV ya mkia hawajawahi kuona haja ya stepu, anainua mguu mara moja tu yuko juu.

Ila mjomba si kijana na goti ni goti, hapo nakubali. Lakini hebu fikiria anavyopanda. Watu wa mazoezi ya viungo wanafundisha mguu mzima utangulie kupanda, mguu mbovu utangulie kushuka. Mguu mzima wa mjomba ni wa kushoto. Anaweka kushoto kwenye stepu, anajiinua, vizuri. Sasa hatua ya pili, kutoka stepu hadi bawani, kama ile stepu ni nyembamba ya mguu mmoja basi mguu wa kulia ndio lazima uende juu na uinue mwili wote, yaani goti bovu linapewa kazi ileile tuliyotaka kulikwepa. Ili asitumie goti la kulia kuinua lazima aweze kusimama na miguu yote miwili kwenye stepu, kisha kushoto itangulie tena. Na stepu ya kutosha miguu miwili inabidi iwe ndefu zaidi kutoka kwenye bodi, na ikiwa ndefu, nguvu inayoenda kunyonga ndege inaongezeka. Hapo ndo mambo yanapokuwa matamu.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza, na najua fundi hataupenda: anzeni na kigoda. Kigoda cha mbao chepesi, cha urefu nusu ya mlivyopima, juu kipana miguu miwili ikae, miguu yake imetanuka kisiyumbe, kimefungwa kamba mjomba akishapanda anakivuta na kukiweka nyuma kwenye mizigo. Mtwara mafundi seremala wamejaa, mwambie tu asikutengenezee cha mninga kizito kama cha sebuleni. Na kivutwe kabla injini haijawashwa, upepo wa propela unarusha kitu kama hicho, na pale uwanjani Mtwara zinatua ndege za abiria, kitu kinachozagaa kwenye apron, pale ndege zinapoegeshwa, ni kesi. Mkakitumia kwa muda mkaona mjomba anapanda na kushuka bila shida, mmemaliza, hamna tundu kwenye ndege. Mkiona kero, labda sababu anaruka peke yake na kuinama kuvuta kamba kunamuumiza, basi tuendelee na stepu ya kudumu.

Sasa bomba la fundi. Watu wakisikia bomba la maji wanacheka, mi sicheki, twende kwenye hesabu. Tuseme mjomba ana kilo 90, mguu unakaa sentimita 20 kutoka kwenye bati la bodi. Mtu hapandi taratibu kama mzigo wa kwenye mzani, anadunda, kwaiyo zidisha mara mbili, kilo 180, ni kama nyutoni 1,766. Mara mita 0.20 unapata nyutonimita 353 za kunyonga. Ni kama kushika ndoo ya maji mkono umenyooka, ndoo ni ileile ila bega ndo linalia. Bomba la maji la inchi 1 kwa nje lina milimita 33.7 na unene wa 3.2, ukipiga hesabu msukumo ndani ya chuma unakuja kama MPa 165 (megapaskali, kipimo cha msukumo), na chuma cha kawaida kinaanza kupinda kwenye 230, 250 huko. Kwaiyo bomba litabeba. Fundi hajakosea hapo. Na ndicho kinachodanganya, mnasimama juu yake siku ya kwanza halitikisiki, mnapeana mikono.

Tatizo ni bega. Lile bamba lake na bolti 4 tuseme bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 10. Zile nyutonimita 353 zinagawanywa kwa mita 0.10, kwaiyo bolti za juu zinavuta bati kwenda nje na makali ya bamba chini yanasukuma bati kwenda ndani, kila upande nyutoni 3,530, karibu kilo 360. Na bati lenyewe la ubavu halifiki hata milimita 1. Bati la ndege limetengenezwa livutwe kwa urefu wake, huko lina nguvu ya ajabu, ila ukilisukuma kwa ubapa linabonyea tu kama bati lolote. Bolti haikatiki, bolti ya ndege aina ya AN3 ni nene kuliko mnavyohitaji, kinachoraruka ni alumini kuzunguka tundu. Mwanzoni utasikia "tok" mjomba akikanyaga. Baadae utaona ufa mdogo unatoka kwenye kona ya bamba. Kuongeza bamba lingine kwa ndani kunasaidia kidogo, kunahamisha tu ufa uende kwenye ukingo wa hilo bamba jipya.

Stepu ya kweli haishikwi na bati. Tyubu inapita kwenye bati, inaingia ndani chini ya sakafu ya mizigo, na mwisho wake wa ndani unafungwa kwenye ribu, yaani mbavu ya ndani ya bodi. Sasa mna shikio mbili, moja pale ubavuni na moja ndani, zimeachana tuseme sentimita 25. Nyutonimita zilezile 353 gawanya kwa 0.25, ya ndani inatakiwa izuie nyutoni 1,413 tu, kilo 144, na ya ubavuni inabeba 3,179 ikiwa ni kusukuma chini kwa urefu wa bati, sio kwa ubapa. Hapo alumini iko kwenye kazi yake. Ukiweza kuziachanisha zaidi, sentimita 30 au 35, ndo bora zaidi, kila sentimita ya ndani inakusaidia na kila sentimita ya nje inakuumiza. Kwaiyo hiyo stepu ya miguu miwili ya mjomba usiifanye ndefu kama benchi. Ukitoka 20 ukaenda 30 nguvu ya kunyonga inapanda kwa nusu nzima, rudieni hizi hesabu zote kwa namba zenu.

Tyubu itumike 4130, chuma cha aloi kinachoitwa chromoly, na ichomewe kwa TIG (welding ya umeme na gesi) na mtu anayeijua, sio welding ya vijiti. Kama fundi wenu ana mashine ya TIG na mkono ametulia poa, kama hana msimlazimishe. Na msidanganywe na jina tu la 4130, unene ndo unaamua: inchi 1 yenye ukuta wa milimita 1.65 kwa mzigo wetu inafika MPa 514, iko pale pale inapoanza kupinda, mkachukua ukuta wa milimita 2.4 inashuka hadi 385 mnapumua. Inatoka nyepesi kuliko bomba la maji pia, hiyo ya 2.4 ni kama kilo 1.4 kwa mita wakati bomba ni 2.4 hivi. Mkono wangu ungeagiza ya kiwandani kabisa, ilishachomewa tayari na mashikio yake yanajulikana yanakaa wapi, mkalipia usafiri mkasubiri. Kusubiri mzigo watu wa Mtwara mmeshazoea.

Kazi ya ndani ndo inayokula muda. Mjomba angeifunga kabla hajafunga sakafu ingekuwa kazi ya mchana mmoja, sasa hivi inabidi mtoe sakafu ya mizigo. Imefungwa na pop riveti, zinatobolewa bila mateso makubwa, polepole na drili ndogo, usipanue tundu. Mkishafungua angalieni kwanza fimbo ya elevata (kile kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inapita wapi, na mota ya flapu (vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), na waya za antena, na kibomba cha statiki kinachopeleka hewa kwenye saa za spidi na kimo, manake mwisho wa tyubu na kichwa cha bolti havitakiwi hata kukaribia fimbo ya elevata ikiwa mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma. Mjomba akae ndani asukume stiki ya kuendeshea mwanzo mwisho we uko na tochi unaangalia. Kabla ya kutoboa tandika vitambaa, ukimaliza vuta na vakyumu, chengachenga za alumini zikibaki mle ndani zinatembea na kukwaruza, na zingine ndo hizo zinaenda kukaa palipo na waya.

Tundu la kwenye bati lipigwe msasa likae laini kabisa pande zote, liwe kubwa kidogo kuliko tyubu ili makali ya bati yasibebe kitu, mzigo upite kwenye lile shikio la ubavuni. Kuzunguka tundu weka bamba la nyongeza la alumini 2024-T3 kwa ndani, kona zake za mviringo. Riveti za AD4, hizo za milimita 3.2, zikae angalau milimita 6.4 kutoka ukingo na zisikaribiane chini ya milimita 9.6. Bolti za AN3 zikazwe inchipaundi 20 hadi 25, kwa torki renchi, sio kwa hisia ya mkono, nati za kujifunga. Kama mjomba ana kitabu cha AC 43.13-1B cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na aliyejenga RV hakosi, mambo yote ya umbali wa riveti na kuzuia kutu yamo.

Kutu sasa. Uwanja wenu hauko mbali na bahari, upepo wa kusi unaleta chumvi kuanzia Aprili huko, na stepu ndo sehemu pekee ya ndege ambayo kila siku inapokea mchanga na matope ya viatu. Chuma na alumini vikigusana halafu chumvi ikaingia katikati, alumini ndo inaliwa. Kwaiyo chuma kipigwe praima ya epoksi na rangi, alumini nayo praima, katikati silanti, na washa za bolti ziwepo. Ndani ya tyubu mimina mafuta ya kitani ya moto, zungusha yaguse kila mahali, mwaga yanayobaki, ziba. Kama mtaiacha wazi basi tobo dogo la kutolea maji liwe sehemu ya chini kabisa. Na kwa kuwa mnashuka mikorosho kila mahali, mwezi wa sita hadi wa nane wakati watu wanapuliza salfa ya ubwiriunga, ile unga inaganda kwenye soli, ikilowana na umande inakuwa na asidi. Futeni stepu na eneo la kukanyagia bawani kwa maji baridi na kitambaa, si kazi.

Mengine haraka haraka. Spidi: tyubu la duara sentimita 20 nje linakula kama nyutoni 18 mkiwa mwendo wa safari, kwa ndege kama hiyo ni kama kilomita 2 kwa saa, mjomba hataiona kwenye saa ya spidi. Mkiipa umbo la tone la maji kwa faiba inapungua sana, ila hiyo ni mapambo. Uzito: kilo 1 upande mmoja, mita 1 nyuma ya kitovu cha uzito, ndege ikiwa kilo 700 kitovu kinarudi nyuma milimita 1.4 hivi, na nafasi yenu yote ni kama sentimita 20. Kidogo, ila iandikwe, hasa kama mnapenda kujaza nyuma magunia ya korosho za zawadi. Pande zote mbili au mmoja? Upande mmoja, kushoto anakokaa mjomba. Abiria ni nyie vijana, msimtwishe mzee stepu ya pili.

Kuna watu wataogopa ndege itaketi kwa mkia mtu akisimama kwenye stepu. Hiyo ni shida ya zenye tairi la mbele. Yenu mkia uko chini tayari, kilo 90 pale zinaongeza kilo 30 na kitu tu kwenye gurudumu la mkiani. Kitu ambacho inaweza kufanya ni kutembea, kwaiyo vigingi viwe kwenye tairi kila mara mjomba anapopanda, breki pekee haitoshi.

Flapu. Flapu ndo ipo kati ya stepu na sehemu ya kukanyagia bawani, bati lake ni jembamba sana, na mguu uliochoka unaenda kukanyaga pale pale. Tabia nzuri ni kushusha flapu zote mnapopaki, ikining'inia chini hakuna mtu atafikiria kuikanyaga, ila sasa pimeni kwanza flapu ikishuka mwisho haigusi stepu na inabaki nafasi ya vidole vya kiatu. Hiyo mara nyingi ndo inaamua stepu ikae wapi. Na mkono wa mjomba ushike wapi? Kama kanopi yenu, kile kifuniko cha kioo, ni ya kuteleza asishike kanopi, itamteleza nayo, ashike ile fremu ya chuma nyuma ya kioo cha mbele, na akiwa bado chini asiweke mikono kwenye vioo. Kushuka ni kugumu zaidi manake anarudi kinyumenyume, haoni stepu, mguu wa kulia ndo unatangulia kutafuta. Ipakeni rangi ya njano au nyekundu, bandikeni ile karatasi ya msasa ya kuzuia kuteleza, na siku za mwanzo mtu asimame chini amwelekeze.

TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, nao wajulishwe kabla ya drili, si baada. Wao ndo watawaambia wanataka makaratasi gani kwa mabadiliko kama haya kwenye ndege ya kujengwa binafsi, na kila kitu kiingie kwenye logibuku, na hesabu mpya ya uzito. Baada ya masaa 10 ya kuruka fungueni mwangalie na kioo kidogo na tochi: weusi unaozunguka riveti ni alumini inayosagika, maana yake inacheza, na mstari mwembamba pembeni ya welding ni ufa hata kama unaonekana kama mkwaruzo wa rangi. Mkiona kimojawapo mjomba arudi kwenye kigoda kwanza.

Sakafu ikishafunguliwa nitumie picha ya ribu na ya fimbo ya elevata, na futi iwe imelazwa pale nione vipimo, ndo tuamue mwisho wa ndani wa tyubu unafungwa ribu ipi.